Mfuko wa choroko, tripodi, monopodi na kibanio: tathmini ya viegemeo vya kamera kwa safari ya wanyama

Mtu anayekwenda Serengeti kwa mara ya kwanza akiwa na lenzi ndefu huuliza kwanza habari za kamera, kisha habari za lenzi, na mwishoni kabisa, pengine akiwa ameshafunga begi, ndipo anapouliza ataiegemeza wapi. Ningependa swali hilo litangulie. Nimepiga picha za wanyama katika hifadhi za kaskazini mwa Tanzania kwa miaka kadhaa, na picha nyingi nilizozipoteza sikuzipoteza kwa sababu ya udhaifu wa kamera, bali kwa sababu mikono ilichoka, gari liliyumba, au kiegemeo nilichokuwa nimekibeba hakikuwa na mahali pa kukaa. Tathmini hii inatokana na safari ya siku nane niliyoifanya mwezi wa Februari kupitia Tarangire, Kreta ya Ngorongoro, Ndutu na Seronera, ambamo nilibeba makusudi viegemeo vinne tofauti ili nivitumie mahali pamoja, kwa lenzi ileile na katika gari lilelile, pamoja na siku tatu nilizoongeza baadaye katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako gari na mazingira ni tofauti kabisa.

Lenzi niliyotumia ni Sony ya milimita 200 hadi 600, ambayo peke yake ina uzito wa gramu 2,115, na kamera iliyofungwa nyuma yake inaongeza gramu mia sita na kitu. Wenye Nikon ya milimita 180 hadi 600 wako katika uzito unaokaribiana na huo, na wenye Canon ya milimita 100 hadi 500 wana nafuu, kwa kuwa yao haifiki kilo moja na nusu bila kola, yaani pete yenye mguu ya kuifungia kwenye tripodi. Viegemeo vyenyewe vilikuwa tripodi (kiegemeo cha miguu mitatu) ya kaboni yenye kichwa cha gimbali aina ya Wimberley, kinachoiacha lenzi igeuke kwa urahisi kila upande, monopodi (mguu mmoja) ya kawaida, kibanio cha chuma cha Manfrotto chenye kichwa cha mpira juu yake, yaani tufe linalogeuka kila upande na kukazwa, na mfuko wa turubai uliojazwa choroko ambao nilishonewa Arusha mjini.

Kabla ya kuvilinganisha, ni vyema kueleza kazi ya kiegemeo ni nini hasa siku hizi, maana wapo wanaosema kwamba mfumo wa kutuliza mtikisiko uliomo ndani ya lenzi za kisasa umeshaondoa haja yake. Lenzi ikifikishwa milimita 600, upana mzima wa picha hubeba pembe ya nyuzi 3.4 tu. Chui aliye umbali wa mita 50 anakaa ndani ya fremu ambayo kwa upana haizidi mita tatu hivi, na lenzi ikihama kwa nyuzi 1 tu, picha inahama karibu sentimita 87 pale alipo, kiasi ambacho kinatosha kukitoa kichwa chake pembeni ya fremu. Mfumo wa kutuliza hupunguza mtikisiko mdogo wa mkono, na unaufanya vizuri sana, lakini hauwezi kubeba uzito wa kilo karibu tatu kwa niaba yako, wala hauwezi kukurudisha pale ulipokuwa umelenga baada ya kushusha mikono ili kupumzika.

Hapo ndipo ilipo kazi kubwa ya kiegemeo, na nilikumbushwa asubuhi moja kando ya mto Seronera. Chui jike alikuwa amelala juu ya tawi la mgunga, mkia ukiwa umening'inia, uso umeelekea upande wa pili. Magari yalikuja, yakapiga picha za mgongo wake, yakaondoka. Sisi tulikaa kwa saa moja na dakika zipatazo ishirini. Alipogeuza kichwa na kututazama, alifanya hivyo kwa muda usiozidi pumzi mbili, kisha akalaza kidevu na kufumba macho. Nilipata picha sita, zote kali mpaka kwenye sharubu, kwa sababu tu lenzi ilikuwa imelala mahali pake muda wote huo na jicho langu lilikuwa karibu na kioo. Abiria mwenzangu, mpiga picha mzuri kuliko mimi kwa mambo mengi, alikuwa anashika kamera kwa mkono na alikuwa ameishusha mapajani dakika moja kabla.

Jambo la pili linalopaswa kujulikana mapema ni gari. Ndani ya Serengeti na ndani ya kreta hushuki garini isipokuwa kwenye maeneo yaliyotengwa, kwa hiyo studio yako ni gari, na kila kiegemeo lazima kipimwe kwa kuuliza kitakaa wapi ndani ya gari hilo. Magari mengi ya utalii ya kaskazini ni Toyota Land Cruiser zilizorefushwa, zenye paa la kuinuka ambalo abiria husimama chini yake, na madirisha ya nyuma ambayo katika magari mengi husukumwa kwa pembeni badala ya kushuka chini. Hayo mambo mawili yanaamua karibu kila kitu. Paa likiinuliwa, ukingo wake unakuwa kama ukuta mfupi unaokuzunguka kifuani, mahali pazuri sana pa kuegemeza kitu chochote kinachoweza kulala. Dirisha la kusukuma nalo linakuachia ukingo mwembamba wa chini, ambao unafaa kwa mnyama aliye karibu, kwa sababu ukipiga kutoka dirishani unashuka kuelekea usawa wa macho yake, ilhali ukipiga kutoka juu ya paa unamtazama kama mtu aliyepanda ghorofani.

Sasa niuzungumzie mfuko, ambao ndio nitakaoueleza kwa kirefu kwa sababu unastahili.

Mifuko ya namna hii inauzwa madukani nje ya nchi kwa bei kubwa, na watu huinunua ikiwa mitupu ili waijaze wakifika. Mimi nilikwenda kwa mama mshonaji mwenye cherehani yake kwenye baraza ya duka la vitambaa, si mbali na Soko Kuu la Arusha. Nilimwamkia, akaitika, kisha nikamwekea mbele yake kipande cha turubai la kijani na suruali kuukuu ya jinzi, nikamchorea kwenye karatasi mifuko miwili iliyounganishwa kwa kipande kifupi cha katikati.

“Mwanangu, hii si sogi ya punda?” aliuliza.

Nilimwambia ndiyo hasa, ila itapandishwa kwenye ukingo wa gari, upande mmoja ndani na mwingine nje, na juu yake italala kamera. Alipolielewa jambo hilo aliugeuza mchoro wangu kwa namna ambayo nisingeifikiria. Mimi nilikuwa nimeweka zipu juu, mahali pa kufikika kwa urahisi. Yeye alisema zipu ikikaa juu itakwaruza kitu kinacholala pale, akaihamishia ubavuni na kuifunika kwa ulimi wa jinzi. Pia alishona kila mshono mara mbili, na kila upande akaweka kitanzi cha mkanda wa begi ili mfuko uweze kufungwa kwa kamba usianguke. Kila mfuko una urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 20, na kipande cha kati kina sentimita 10. Turubai liko chini, panapokutana na chuma, na jinzi iko juu, panapokutana na lenzi, kwa kuwa turubai huteleza na jinzi haitelezi. Nililipa shilingi 15,000 za ushonaji na shilingi 2,000 za zipu mbili nene.

Kuhusu cha kujazia, nimejaribu maharage, mchele, mahindi na choroko, na sasa sijazi kitu kingine isipokuwa choroko. Mahindi ni makubwa na yana pembe, hayakai pamoja; ukiweka lenzi juu yake yanasukumana na kuacha mianya, na lenzi inabaki inacheza. Maharage ni mazuri, hasa yale madogo ya mviringo, na ndiyo yanayopatikana kila mahali. Mchele unatulia vizuri mno, karibu kama mchanga, lakini hutoa unga mweupe unaopenya kwenye mshono na kuishia juu ya vifaa. Choroko ni ndogo, ngumu, laini juu na ya mviringo; ukiikandamiza lenzi kidogo zinaachia njia, kisha zinajifunga kuizunguka kama mkono ulioshika. Nilinunua kilo 3 katika soko la Kilombero, kilo moja na nusu kila upande, na kabla ya kuzimimina nilizipepeta na kuzikagua, kwa sababu nafaka iliyobunguliwa hutoa vumbi na wadudu, na hakuna anayetaka bungua wakitembea kwenye kola ya lenzi. Usijaze mfuko ukafura. Robo ya nafasi ibaki tupu, la sivyo mfuko unakuwa mgumu kama mpira, lenzi inalala juu yake badala ya kulala ndani yake, na faida yote inapotea.

Namna ya kuutumia ina siri chache ambazo nilizijua kwa kukosea. Kola ya lenzi izungushwe mpaka mguu wake uelekee juu, ili sehemu inayolala kwenye mfuko iwe ni mwili wa lenzi wenyewe. Mguu ukibaki chini lenzi inapanda na kuyumba kama meza yenye mguu mfupi. Uzito wa lenzi na kamera uwe katikati ya mfuko, si mbele sana wala nyuma sana. Mkono wa kushoto haushiki lenzi kwa chini, bali unalazwa juu yake na kuikandamiza kidogo. Na la mwisho ni kwamba mfuko hauwezi kushinda injini. Dereva wetu alilijua hilo vizuri kiasi kwamba kila tulipofika kwa mnyama aliuliza, “Kaka, nizime?” na alipozima tu, picha kwenye kioo ilitulia palepale, kama maji yaliyoachwa kutibuliwa. Dereva asiyezima injini anaharibu picha kwenye kiegemeo chochote utakachokuwa nacho, na ni haki yako kumwomba kwa adabu azime, madhali mahali penyewe ni salama na wanyama hawahitaji muondoke haraka.

Mfuko una mapungufu, na siyafichi. Kwa video haufai sana, kwa sababu ukijaribu kumfuata mnyama anayetembea, lenzi inakwenda kwa kuchupa, inakwama, inachupa tena. Kwa ndege anayeruka haufai hata kidogo; hapo inua kamera mikononi. Kwa duma anayekimbia nimeona kwamba unaweza kugeuza lenzi juu ya mfuko kwa mwendo wa takribani robo ya duara, baada ya hapo kiwiko kinagonga nguzo ya paa. Na katika magari ya wazi yasiyo na milango wala ukingo, mfuko hauna pa kukaa, jambo ambalo nitalirudia nikifika Nyerere.

Tripodi niliibeba kwa sababu watu wengi huibeba, na nilitaka kusema kwa uhakika kama inafaa au haifai. Ndani ya gari haifai. Ukiwa peke yako katika gari lote, viti vikiondolewa au kulazwa, unaweza kuisimamisha katikati, lakini miguu yake mitatu imesimama juu ya sakafu ya gari, na sakafu hiyo inayumba kila mtu anapohamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Dereva akinyoosha mkono kuchukua darubini, lenzi ya milimita 600 inaona. Tofauti na mfuko, ambao chembe zake hunyonya sehemu ya mtikisiko, miguu ya kaboni inausafirisha wote mpaka juu. Mkiwa wanne au watano garini, tripodi pia ni kero kwa wenzako: inaziba njia, inagonga magoti, na mnyama akihamia upande wa pili wa gari hakuna anayeweza kukupisha. Nilijaribu mara mbili Tarangire, tembo wakiwa mita thelathini kutoka barabarani, nikaikunja na kuirudisha kwenye ala yake.

Nje ya gari habari ni nyingine. Ukiwa kwenye baraza ya Tarangire Safari Lodge, ambayo inatazama bonde la mto kutoka juu, tripodi yenye gimbali ni raha. Gimbali hubeba lenzi kwenye kitovu chake cha uzito, kwa hiyo ukishailinganisha vizuri unaiachia, nayo inabaki pale ulipoiachia, na kidole kimoja kinatosha kuigeuza. Niliwafuata tembo wakivuka mto kwa zaidi ya nusu saa bila bega kuuma, na video niliyoipata pale ndiyo video pekee ya safari nzima ambayo ningemwonyesha mtu bila kuomba radhi. Usiku pia, kambini, kwa picha za nyota ambazo shata, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, hubaki wazi kwa sekunde ishirini, hakuna kinachoweza kuchukua nafasi ya tripodi. Lakini pima gharama: tripodi ya kilo mbili na gimbali ya takribani kilo moja na gramu mia nne ni karibu kilo tatu na nusu. Anayeruka kwenda Seronera au Kogatende kwa ndege ndogo za aina ya Cessna Caravan, ambako kawaida abiria huruhusiwa kilo 15 tu katika mabegi laini, atakuwa ametumia zaidi ya moja ya tano ya posho yake kwa kitu atakachokitumia jioni mbili. Kama picha za nyota ndizo zinazokupeleka, ibebe. Kama ni wanyama, chukua tripodi ndogo ya kutosha kamera na lenzi fupi, au iache nyumbani.

Jambo moja kuhusu tripodi yoyote katika nchi yetu ni vumbi. Vumbi la upande wa Ndutu na nyanda za kusini mwa Serengeti ni jembamba kama poda, kwa sababu udongo wake umetokana na majivu ya volkano, na linaingia kwenye viungo vya miguu ya tripodi, hasa vile vya kuzungusha. Siku ya tano, viungo viwili vya tripodi yangu vilikuwa vinasaga kila nilipovifungua. Ukifika kambini fungua miguu yote, ifute kwa kitambaa kikavu kabla ya kuikunja, na usiipake mafuta huko porini, maana mafuta hulivuta vumbi likaganda.

Monopodi ilinishangaza kwa pande zote mbili. Ndani ya gari lenye paa la kuinuka, ukiwa umesimama, ni usumbufu, kwa kuwa mguu unagonga viti. Lakini ukikaa kwenye kiti na kuisimamisha kati ya magoti, mguu wake ukiwa juu ya sakafu au hata juu ya ukingo wa kiti kilicho mbele yako, inabeba uzito wote wa lenzi na kukuachia uhuru wa kugeuka kulia na kushoto kwa haraka, jambo ambalo mfuko hauwezi. Nilipomfuata duma na watoto wake wanne Ndutu, wakipita mbele ya gari, nyuma ya gari, kisha ubavuni, monopodi ilifanya kazi vizuri kuliko vyote. Haizuii mtikisiko wa gari, lakini inaondoa uchovu, na kwa kasi ya shata ya sehemu moja ya elfu moja ya sekunde au zaidi, mtikisiko mdogo hauonekani.

Nafasi yake hasa ni katika matembezi ya miguu. Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako unaweza kutembea ukiongozwa na askari mwenye silaha, ni mahali ambapo ningebeba monopodi na si kitu kingine, kwa kuwa hakuna muda wa kufungua miguu mitatu wakati nyati amesimama uwandani na askari anakuonyesha kwa mkono kwamba msogee taratibu. Ikiwa utatembea, monopodi inageuka pia kuwa mkongojo kwenye njia zenye utelezi, na kwa wale wanaokwenda Mahale kuwaona sokwe, penye miteremko mikali na mwanga hafifu wa msituni, naamini hiyo peke yake inatosha kuhalalisha uzito wake wa nusu kilo.

Kibanio kilikuwa somo la gharama. Kibanio chenyewe, kile cha Manfrotto kinachotanuka kushika bomba la hadi milimita 55, sina malalamiko nacho. Kilishika chuma cha paa kama koleo na hakikusogea siku zote nane. Kosa lilikuwa kwenye kichwa cha mpira nilichokifunga juu yake, kilichonunuliwa kwa bei nafuu katika duka ambalo sitalitaja, na pia lilikuwa kosa langu la kuamini kwamba kitu kilichokazwa kitabaki kimekazwa. Barabara ya kutoka kingo za Ngorongoro kuelekea geti la Naabi inajulikana kwa mawimbi yake. Gari linatetemeka kwa muda mrefu kwa namna ambayo hulegeza hata skrubu za viti. Tuliona kundi la pundamilia, tukasimama, nikafunga lenzi kwenye kichwa kile, nikapiga, na tulipoanza kuondoka niliiacha ikiwa imefungwa, nikidhani tunasogea mita mia tu. Hatukusogea mita mia, tulisogea kilomita mbili. Kichwa kililegea kidogo kidogo, mpira ukageuka ghafla, na lenzi ikaanguka upande wake na kugonga nguzo ya paa. Kingio cha jua kilipasuka. Kioo, kwa neema, kilisalimika.

Tangu siku hiyo nina kanuni ambayo siivunji: gari likianza kutembea, kamera inatoka kwenye kiegemeo na kurudi mapajani, juu ya taulo, hata kama safari ni ya mita kumi. Na kuhusu kibanio nina maoni kwamba kinafaa kwa kazi mbili tu, yaani kwa kamera ndogo ya video inayoachwa irekodi yenyewe, na kwa magari ya wazi yenye mabomba ya chuma lakini hayana ukingo wa kulazia mfuko. Kwa lenzi ndefu katika magari ya kaskazini, mfuko unakishinda kwa kila kitu, pamoja na kasi, kwa kuwa mfuko unahamishwa kutoka upande mmoja wa paa kwenda mwingine kwa mkono mmoja, na kibanio kinahitaji kufunguliwa, kushikwa, kukazwa na kukaguliwa.

Vile viegemeo vinavyobana kioo cha dirisha sikuvibeba, na simshauri mtu avibebe. Kioo hakikutengenezwa kubeba kilo tatu kwenye barabara ya mashimo, na katika magari mengi ya utalii kioo hicho hakishuki nusu, kinasukumwa pembeni.

Nikafika Nyerere, na hapo nilichokuwa nimekizoea kiligeuka. Gari la kambi tuliyofikia lilikuwa la wazi, bila milango upande wa abiria, likiwa na mabomba yanayoshika turubai la kivuli. Mfuko wangu haukuwa na pa kupanda. Niliulaza juu ya mgongo wa kiti cha mbele, ukafaa kwa mnyama aliye mbele tu. Monopodi ndiyo iliyoniokoa, na kibanio, safari hii kikiwa na kichwa imara nilichokiazima kwa mwenzangu, kilifanya kazi nzuri kwenye bomba la ubavuni. Kwenye boti ya mto Rufiji mambo yalikuwa magumu zaidi: sakafu ya boti inapokea mtetemo wote wa injini, na chochote kinachogusa sakafu hiyo, iwe tripodi au monopodi, kinaupeleka moja kwa moja kwenye lenzi. Nahodha akizima injini na kuacha boti ielee, monopodi inafaa. Injini ikiwa inanguruma, isimamishe juu ya kiatu chako badala ya sakafu, au kaa chini, egemeza viwiko kwenye magoti, ushike kamera kwa mikono. Picha yangu nzuri kuliko zote ya furukombe akinyanyua samaki niliipata kwa namna hiyo ya mwisho, bila kiegemeo chochote isipokuwa magoti.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, mpigie simu au mwandikie wakala wako wa safari umuulize mambo haya kwa ukamilifu: gari ni la aina gani, lina paa la kuinuka au ni la wazi, madirisha yanashuka au yanasukumwa, mtakuwa abiria wangapi, na je, kila mmoja ana dirisha lake. Muulize pia kama wana mifuko ya kuegemezea, maana kampuni nyingi zinazopokea wapiga picha wanayo, ila ikifika ikague mshono kabla ya kuondoka mjini. Akikujibu kwamba gari ni la kaskazini lenye paa la kuinuka, beba mfuko mtupu ambao hauzidi uzito wa shati zito, ongeza monopodi kama utatembea au unapenda wanyama wanaokimbia, na basi. Akisema gari ni la wazi, monopodi itangulie, na kibanio chenye kichwa cha kuaminika kifuate.

Ukija kutoka nje na mfuko wako mtupu, usiweke nafaka kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea, kwa kuwa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu mwaka 2017. Sokoni utapewa mfuko wa kitambaa au wa karatasi, au utamimina moja kwa moja kwenye mfuko wako pale pale mbele ya muuzaji, kama nifanyavyo mimi. Na mwisho wa safari usimwage nafaka hifadhini kwa kudhani ndege watafaidi. Ni kuwalisha wanyama pori, jambo lisiloruhusiwa, na tumbili wakishajifunza kwamba magari humwaga chakula, wanaopata shida ni watalii wa kesho yake na tumbili wenyewe.

Choroko zangu zilirudi Arusha zikiwa safi, kwa sababu ndani ya mfuko wa jinzi nilikuwa nimeweka mfuko mwingine wa kitambaa cha kanga uliofungwa kwa uzi. Dereva alinisindikiza mpaka nyumbani, nikampa kilo zote 3, akasema mkewe atazipika na nazi. Mfuko wa nje niliuloweka, na maji ya kwanza yalitoka na rangi ya majivu ya Ndutu, ya pili yakatoka kijivu hafifu, na ya tatu yakatoka meupe. Niliuanika juani siku mbili kamili, ndani nje, kabla ya kuukunja, maana unyevu ukibaki kwenye mshono, choroko zitakazoingia safari ijayo zitaota humo ndani.